Saa Tatu Usiku, Saa za Dar

Kila Alhamisi jioni huwa naandika ujumbe uleule kwenye kundi letu la WhatsApp: "Jumamosi, saa tatu usiku, saa za Dar. Nani yupo?" Halafu naigeuza simu kifudifudi na kurudi kwenye habari niliyokuwa naihariri, kama mtu aliyeomba mkopo kwa ndugu na hataki aonekane anasubiri jibu. Natafuta watu kumi. Wakipatikana kumi, wiki yangu imekaa sawa. Wakipatikana tisa, siku mbili zinazobaki nitazitumia kumbembeleza mtu mzima, baba wa watoto watatu, akubali kukaa mbele ya kompyuta usiku wa Jumamosi kupigana vita ambavyo havipo.

Mchezo wenyewe ni Counter-Strike, tena ile 1.6 ya mwaka 2003. Vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe, waliuanza mwaka 1999 kama marekebisho tu ya mchezo mwingine uitwao Half-Life, kabla kampuni ya Valve haijaununua. Tangu hapo yametoka matoleo mengine. La mwaka 2023 lina moshi wa kupendeza, na linadai kompyuta ambayo bei yake ni ada ya shule. Sisi tumebaki na la zamani. Linafunguka kwenye laptopu yoyote, hata ile yangu iliyong'oka herufi mbili.

Kwa asiyeujua: ni timu mbili, watano kwa watano. Upande mmoja unataka kutega bomu, upande mwingine unazuia. Raundi moja ni kama dakika mbili, na zinachezwa thelathini. Kuna jambo moja nakuomba ulishike, maana habari yote hii inalizunguka. Ukipigwa, umekufa mpaka raundi iishe. Unakaa pembeni na marehemu wenzako, mnawatazama walio hai wakiendelea. Mnaweza kuandikiana, ila walio hai hawaoni mnachoandika.

Tulianzia Sinza, kwenye intaneti kafe moja yenye kompyuta kumi na mbili na feni moja. Ilikuwa 2009, mwaka ambao mkongo wa SEACOM ulitua Dar na kila mtu akawa anazungumzia intaneti ya kasi kama wakulima wanavyozungumzia mvua. Sisi hatukuihitaji. Mashine za pale zilikuwa zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe, na mchezo tulikuwa tumeunakili kutoka kwenye flashi ambayo hakuna aliyejua ilikotoka. Tulikuwa wanafunzi wa chuo. Mgao wa umeme wa 2011 ulipopamba moto, ratiba ya mgao ya Sinza tuliijua kuliko ratiba ya mitihani.

Mashine zile zilikuwa na mtu wa kuzihudumia, tukamwita Fundi. Hakuwa mwanafunzi. Alikuwa ametuzidi miaka michache na kazi alijifunza mwenyewe, kwa kuharibu na kutengeneza. Ndiye aliyekuwa bora kuliko sisi wote. Alikuwa anakuua kabla hujajua yuko upande gani, halafu anainuka taratibu kwenda kumsaidia mama wa watu aliyekwama kuchapisha barua ya maombi ya kazi. Ukimuuliza umewezaje, anasema: "Nimesikia viatu vyako."

Kisha maisha yakafanya yanayofanyaga. Kafe ikageuzwa duka la simu. Mmoja akawa daktari Mwanza, mwingine wakili Nairobi, mwingine akaenda Muscat kwa wajomba zake, mwingine London, mwingine akafuata mke Kigali. Fundi alishinda viza ya bahati nasibu, akaenda Minneapolis. Mimi nikaingia kwenye magazeti.

Tulirudi pamoja Aprili 2020. Shule zilikuwa zimefungwa, michezo imesimamishwa, watu wako ndani na hofu zao. Mtu mmoja akaweka kundini picha ya zamani ya kafe, mwingine akasema mimi bado ninao ule mchezo, na kufika mwisho wa mwezi tulikuwa kumi na saba. Nikawa admini kwa sababu nilikuwa wa kwanza kuuliza swali: "Sasa tukutane saa ngapi?" Ushauri wangu kwa yeyote: usiwe wa kwanza kuuliza swali hilo.

Watu wanadhani kazi ya kupanga mechi ni kupanga timu. Kazi ni saa. Saa tatu usiku ya Dar ni saa nne Muscat na saa mbili Kigali. London ni saa kumi na mbili jioni wakati wa baridi na saa moja wakati wa joto. Minneapolis ni saa sita mchana wakati wa baridi, saa saba wakati wa joto. Wamarekani husogeza saa zao mapema Machi, Waingereza mwishoni mwa Machi, sisi hatusogezi kitu, kwa hiyo kuna wiki mbili au tatu ambapo kila mtu anakosea na kila mtu anamlaumu admini. Mara moja mwenzetu wa London alimwalika shemeji yake, kijana aliyekulia hukohuko, Kiswahili chake ni cha kwa mama. Nikamwandikia njoo saa tatu. Kijana wa watu akaingia saa tisa alasiri, ile ambayo kwao ni tatu, akasubiri peke yake kwenye ramani tupu, akaondoka. Tangu siku hiyo ndipo nikaanza kuongeza maneno "saa za Dar".

Baada ya saa inakuja seva. Mchezo lazima ukae kwenye mashine fulani, mahali fulani duniani, na anayekaa karibu nayo ndiye anayefaidi. Mwanga ndani ya mkongo unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, ila Minneapolis ni mbali hata kwa mwanga. Seva ikiwa Nairobi, sisi wa huku tunacheza kama tuko Sinza, na Fundi anakufa kabla hajaiona risasi. Nilipendekeza tukodi Frankfurt. Kwa wa Dar, kila kitu kinachelewa kidogo. Kwa Fundi pia kinachelewa kidogo. Wa London peke yake ndiye anayeneemeka, na tumemzoea. Niliwaambia wenzangu: tutafute mahali ambapo sote tunaumia sawa. Nilijiona mtu wa haki sana siku ile.

Na umri ulikuja. Sitaki kuupamba. Tukiwa na miaka ishirini tulicheza mpaka alfajiri. Sasa Daktari anacheza na simu ya hospitali pembeni, Wakili amevaa miwani miwili kwa zamu, na kuna mmoja lazima asimame kila raundi ya kumi kunyoosha mgongo. Tuna sheria isiyoandikwa kwamba mtoto akilia, mchezo unasimama. Kutoka kumi na saba tulishuka hadi kumi na nne, kisha kumi na mbili. Hakuna aliyegombana na mtu. Mtu anasema "wiki hii nina kikao", wiki inayofuata hasemi kitu, halafu unagundua umeacha kumhesabu.

Lakini kilichotufanya turudi kilikuwa kile kibaraza cha marehemu. Nakiita kibaraza kwa kuwa sina neno jingine. Ukifa mapema unakaa na mwenzio aliyekufa mapema, hamna la kufanya kwa dakika moja na nusu, na hapo ndipo mambo yanasemwa. Pale ndipo mwenzetu wa Kigali alipoandika kwamba mke wake ana ujauzito, kabla hajamwambia mama yake. Pale ndipo Daktari alipoandika, siku moja mwaka 2021, kwamba wiki ile amechoka kuliko alivyowahi kuchoka, na hakuna aliyejibu kitu cha maana, lakini raundi iliyofuata tuliona watu watatu wamekimbia kufa makusudi ili wakae naye. Kwenye kundi la WhatsApp tunatumiana vichekesho na vibonzo vya Simba na Yanga. Habari zetu za kweli tulizisema tukiwa tumekufa.

Fundi sasa ndiye aliyekuwa akifa kuliko wote. Yule yule aliyesikia viatu vyako. Raundi inaanza, anatoka mbio katikati ya ramani bila kujificha, anapigwa. Inayofuata, hivyo hivyo. Tulimtania bila huruma. Tulisema baridi ya Minnesota imegandisha vidole. Tulisema anakimbilia peponi. Kimoyomoyo nilimhurumia, nilijua anafanya kazi za usiku kwenye nyumba ya kulea wazee, nikadhani mwili umegoma. Wakati wa kupanga timu nilikuwa namhesabu nusu mtu. Naandika hili kwa aibu, maana ndivyo nilivyofanya.

Septemba 2023 ikaja hoja ya kubadilisha siku. Jumamosi ya Dar ni siku ya watu: kuna harusi, kuna sendofu, kuna vikao vya michango, kuna misiba ya kwenda kulala. Nilikuwa napata wachezaji sita. Mtu akasema tuhamie Jumatano, saa ileile. Nikaweka kura. Kazi yangu imenifundisha kuziamini kura. Nimeshaandika habari za chaguzi nne mpaka nazijua kwa harufu. Walioitaka Jumatano walikuwa wanane, wawili wakaikataa, wawili hawakupiga. Fundi alikuwa mmoja wa wale wasiopiga. Nikatangaza matokeo, nikaweka alama ya makofi, tukahamia.

Na kwa kipimo changu mambo yalikwenda vizuri. Watu tisa, mara nyingine kumi. Fundi alikuja Jumatano mbili za kwanza, akafa kama kawaida yake, haandiki sana. Ya tatu hakuja. Ya nne hakuja. Nikamuuliza, akajibu "ratiba imebana mzee, chezeni". Nikaridhika na jibu hilo kwa kuwa lilinifaa.

Sasa mechi ya watu tisa haichezeki vizuri, kwa hiyo nafasi ya kumi nikawa naijaza kwa roboti. Kuna programu ndogo unaiweka kwenye seva, inaingiza mchezaji wa bandia, na majina yao unaandika mwenyewe kwenye faili. Usiku mmoja, kwa utani, nikaandika "Fundi". Tukacheka mpaka basi. Roboti likawa linatoka mbio katikati ya ramani na kufa, kila raundi, na mtu akaandika kwamba hata ukileta mashine tofauti huioni. Mwingine akapiga picha ya skrini akaitupa kundini.

Asubuhi nilipoamka kulikuwa na ule mstari mdogo wa kijivu ambao WhatsApp inauandika bila hasira wala maelezo: Fundi ameondoka kwenye kundi.

Ningependa kusema nilimpigia siku ileile. Nilimpigia Februari, miezi mitatu baadaye. Kila wiki nilikuwa na sababu: tofauti ya saa, kazi, bando. Ukweli ni kwamba nilijua nimefanya kitu na nilikuwa natumaini kitajifuta chenyewe. Nilipopiga alipokea haraka, kwa sauti ya mtu aliyekuwa amelala. Kwao ilikuwa saa tano asubuhi. Nikaomba radhi kwa ajili ya roboti. Akacheka kidogo. Akasema roboti halikumuudhi.

"Liliniudhi kwa sababu lilikuwa linatosha," akasema.

Sikumwelewa. Akanieleza kama unavyomweleza mteja kwa nini mashine yake haiwaki, hatua kwa hatua. Kazini anaanza Jumapili usiku mpaka Ijumaa alfajiri. Anaongea Kiingereza na wazee ambao wengine hawakumbuki jina lake kutoka usiku mmoja hadi mwingine. Mtaani kwake kuna Wasomali wengi, wanasalimiana vizuri, wachache wanajua Kiswahili cha Mombasa na Nairobi, ila kila mtu ana mbio zake. Jumatano saa sita mchana yeye yuko katikati ya usingizi kati ya zamu mbili. Zile Jumatano mbili alizokuja aliweka kengele, akacheza, akaenda kazini bila kulala, na usiku wa pili nusura ampe mzee dawa ya mzee mwingine. Hapo akaacha. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yake. Aliamka, akapika ugali, akakaa. Wiki nzima ile ndiyo ilikuwa saa yake ya Kiswahili.

"Kwa nini hukusema? Kwa nini hata kura hukupiga?"

"Ningesema nini, kaka? Watu wanane wabadilishe siku kwa ajili yangu mimi ninayekufa kila raundi?"

Nikanyamaza. Akanyamaza. Halafu akaniambia lile ambalo tangu siku ile silitoi kichwani.

"Mimi nilikuwa nakufa makusudi. Wewe hukujua? Ukibaki hai unaongea na nani? Walio hai wote mko bize. Nilikuwa nawahi kule kwa marehemu nikapate habari."

Miaka mitatu. Mwanahabari mzima, mtu ninayelipwa kuona kile ambacho watu hawasemi, nilikuwa nimekaa naye kila wiki kwa miaka mitatu na nilichoona ni vidole vizito. Aliyekuwa bora kuliko sisi wote alikuwa bado bora kuliko sisi wote. Alikuwa ameacha kutaka kushinda, basi.

Nilirudi kundini na sikuweka kura. Niliandika kwamba kuanzia Machi tunarudi Jumamosi, na nikaeleza kwa nini, kwa ruhusa yake, bila kupunguza sehemu ya roboti na aliyeliandika jina. Kuna waliokasirika, na walikuwa na haki. Mmoja akaniuliza tangu lini admini ni mfalme. Wawili hawawezi Jumamosi kabisa: mmoja anasali Jumamosi na hutumia jioni na familia, mwingine ana biashara ya kukodisha viti na maturubai, na Jumamosi ndiyo mkate wake. Tuliwapoteza. Sijui kama nilifanya hesabu sahihi. Nilitoa wawili kumrudisha mmoja, na hao wawili nao ni rafiki zangu. Ninachojua ni kwamba wao nawaona. Mwenye maturubai nilikutana naye juzijuzi kwenye harusi, tukala pilau sahani moja. Fundi hana harusi ya kukutania nasi.

Nilipoamua seva iwe Frankfurt nilikuwa nimeuliza nani yuko mbali zaidi na kitamgharimu nini. Ilipofika saa, nilihesabu mikono tu. Kura inakuambia ni wangapi wanataka. Haikuambii nani atabaki na nini baada ya kukosa, na kundi linapokuwa dogo, tena la watu wanaozeeka pamoja, hilo la pili ndilo lenye uzito. Sijawahi kuliandika hivyo kwenye habari yoyote ya uchaguzi, na sidhani kama mhariri angelipitisha.

Mei 2024, mikongo miwili ya baharini ilikatika kusini kwetu, Jumapili ya tarehe 12, na intaneti ya Tanzania ikawa ya kuomba. Jumamosi iliyofuata nilijaribu kuingia kwenye seva tangu saa mbili usiku. Ilifunguka ikafunga, ikafunguka ikafunga. Wa Dar hakuna aliyeweza kucheza, nami nilishindwa hata kutuma ujumbe wa kuahirisha. Nililala nimeudhika.

Asubuhi ujumbe uliingia kwa mafungu. Fundi alikuwa ameandika kundini: "Sisi tuko ndani." Walikuwa watatu, yeye, wa Muscat na wa London. Watu watatu hawawezi kucheza chochote cha maana. Wa Muscat alinisimulia baadaye kwamba waliingia kwenye ramani, wakatupiana mabomu mpaka wote watatu wakafa, na kila raundi mpya ilipoanza wakaua tena haraka ili waendelee na maongezi. Walikaa saa mbili na nusu. Wa London alikuwa amefiwa na baba mkwe wiki ile. Mimi sikuwa na habari.

Sasa tuko tisa. Roboti bado naliweka, maana lazima wawe kumi, ila faili la majina nimelifuta na kuandika jina moja tu, "Nafasi". Linacheza vibaya na halina maneno. Wiki hii Daktari ana zamu, kwa hiyo huenda tukawa wanane na roboti mawili. Leo ni Alhamisi. Nimeshatuma ujumbe, simu iko kifudifudi, na imeshatikisika mara moja. Najua ni nani. Kwao ni asubuhi, katoka kazini sasa hivi, na huwa wa kwanza kujibu siku zote.